Shafti ya Baba Mkwe

Siku hizi nikienda Garsen kununua sukari napitia nyuma ya maduka, pale wanapomwaga maji ya vyombo, na mke wangu huniuliza kila mara kwa nini kanzu inarudi na tope chini, nami humjibu kwamba njia ya mbele ina vumbi. Si kweli. Njia ya mbele ina watu, na watu wale hawasahau. Kuna mchuuzi mmoja wa mbuzi ambaye mpaka leo akiniona husimama wima, mikono ameiachia ubavuni, anauliza kwa sauti, "Inchi ngapi leo, bwana?" Basi nimeona bora niwaambie mwenyewe aibu yangu, kwa mdomo wangu, kabla hamjaisikia kwake, maana ya kwake (nimeisikia) imeshatiwa ngamia ambaye siku ile hakuwepo kabisa.

Kwanza nikiri jambo moja. Mimi ni mtu wa shaka, na sikufundishwa na mtu, nimezaliwa nayo. Nikikaribishwa chai na mgeni nangoja anywe yake kwanza. Nikirudishiwa chenji naihesabu, halafu namtazama aliyenipa, halafu naihesabu tena. Mama alikuwa akisema kwamba nilipozaliwa nilimkodolea macho mkunga hadi yule mama akauliza amenikosea nini.

Sasa, mwaka ule baada ya mafuriko ya El Nino barabara yetu ilikuwa imekatika mahali pengi, ikaja kampuni kuitengeneza, nami nikapata kazi ya karani wa stoo kambini, nje kidogo ya Garsen, kazi ya kutoa koleo asubuhi na kuzipokea jioni (kazi inayomfaa mtu wa shaka, mtakubali). Injinia mkuu wa pale alikuwa mgonjwa wa gofu. Alipoona ule uwanda umekauka, mpana, hauna mti, akatoa tingatinga likasawazisha mahali sita, akachimba vishimo sita, na kwa kuwa nyasi hazikubali, akamwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ya malori ili upepo usiuchukue. Siku moja ya Jumapili nikapita pale, akanipa fimbo kwa mzaha, nikapiga. Alichosahau ni kwamba sisi Waorma tumekua nyuma ya ng'ombe, fimbo mkononi kutwa nzima, na mchungaji aliyechoka kutazama mikia huanza kupiga makoma yaliyoanguka, yale matunda magumu ya mkoma, moja baada ya jingine hadi jioni. Mpira ulikwenda hadi tukaacha kuuona, Injinia akavua kofia, na mimi hapo hapo nikaambukizwa.

Akanipa vyuma vyake vya zamani (ndivyo wanavyoziita zile fimbo zenye kichwa cha chuma), ila yeye ni mfupi na mimi ni mrefu, kwa hiyo nilicheza nimeinama kama mtu anayetafuta sindano, na mipira yangu ikawa yote inakwenda kushoto, kwenye ng'ombe za watu. Tulikuwa watatu: Injinia, Mwalimu Komora, Mpokomo aliyekuja kwa baiskeli kutoka Kulesa, na mimi. Hakuna aliyekuwa bingwa. Lakini kila mmoja wetu aliamini kwamba tatizo liko kwenye fimbo.

Wakati huo huo nilikuwa nimeposa. Binti anaitwa Hawo, ndiye huyu anayeniuliza habari za tope, na posa ilikuwa imekubaliwa, ng'ombe walishapelekwa, nikaha ilikuwa ifungwe baada ya mfungo. Baba yake ni mzee wa heshima, mwenye ng'ombe uwandani, na jina lake hamtalisikia hapa hata mkinikaba, kwa sababu kwetu mkwe hatamki jina la baba mkwe. Hatamki mbele yake, hatamki nyuma yake, hatamki hata kama ni jina la mtu mwingine sokoni. Akitamka amemvunjia heshima mzee na kujivunjia mwenyewe. Kwa hiyo nitamwita Mzee tu. Mzee alikuwa bado hajaniamini vizuri. Kijana wa Kiorma aliyeacha ng'ombe akaenda kulinda koleo! Alinitazama vile anavyotazamwa ndama mwenye mguu wa kasoro kabla ya kununuliwa.

Siku moja Injinia akatuletea mtu kutoka Mombasa, fundi wa fimbo za gofu. Mtu safi, mnene kidogo, anatabasamu kabla hujasema kitu (hapo tu nikaanza kumtilia shaka). Alikuwa na begi refu na sanduku lililojaa vichwa vya vyuma na miti yake, akatueleza kwamba ule mti wa fimbo, kutoka mahali pa kushika hadi kichwani, ndio unaoitwa shafti, na kwamba kila mchezaji ana shafti inayolingana na mwili wake, na kwamba yeye atatupima, arudi Mombasa akafanye hesabu, kisha atuandikie kila mmoja barua ya kumwambia shafti gani inamfaa.

"Simama wima, ndugu yangu," akaniambia, "mikono iachilie. Usijikaze, sikukati."

Akanipima kwa futi ya utepe kuanzia kifundo cha mkono hadi ardhini. Akanipima kiganja. Akanipima kidole cha kati. Akabandika utepe chini ya kichwa cha fimbo, akanipigisha mipira nikiwa nimesimama juu ya ubao, akatazama mahali utepe ulipochubuka, akaguna, akaandika. Kila kitu aliandika. Halafu akatoa kadi na kuanza kuuliza: jina, sanduku la posta, umri, kazi, unakaa wapi, umekaa hapo muda gani.

Umekaa hapo muda gani? Kwa fimbo?

Jamani, neno kupima huku Tana halijawahi kutuletea heri. Wakija kupima ardhi, kesho unakuta malisho ya babu yako yana mwenyewe. Mtu akienda kupimwa zahanati anarudi hasemi na mtu. Na mtu akifa huchukuliwa urefu wake kwa kijiti, ndipo wanakwenda kumchimbia. Sasa huyu hapa, anatabasamu, anampima Mpokomo na Muorma, anawaandika kwenye daftari moja pamoja na mahali wanapokaa! Mwalimu Komora, mtu wa elimu, akataja majina yake matatu na shule yake na sanduku la shule, bila wasiwasi wowote. Mimi nikasema moyoni, mwalimu huyu ameuza Kulesa nzima kwa ajili ya fimbo.

Lakini vyuma nilivitaka. Hapo ndipo ilipo aibu yenyewe. Ningeondoka kama ningekuwa na shaka ya kweli, au ningekaa kama ningekuwa na imani. Mimi nilitaka kukaa na kuondoka kwa pamoja. Nilihitaji jina lisilo langu, lenye sanduku la posta ambalo barua yake itanifikia. Na jina hilo lilikuwepo. Mzee hakujua kusoma, barua zake zilipitia sanduku la Bwana Athumani, muuza nguo pale Garsen, na tangu niposwe kwao, samahani, tangu nipose, mimi ndiye niliyekuwa nazichukua na kumpelekea na kumsomea. Nani angejua? Na nani angenishuku mimi, mkwe, ambaye jina lile hata kulitamka siwezi?

Sikulitamka. Naomba hilo lieleweke. Nilimwomba fundi kalamu, nikaliandika mwenyewe.

"Nikuandikie kwa Kiingereza au Kiswahili?" akauliza.

"Kiswahili," nikamjibu kwa ukali. "Kiingereza kina mahali pengi pa kujificha."

Wiki zikapita. Nilikuwa napita dukani kwa Athumani kila Ijumaa, naulizia barua za Mzee kwa upole, na Athumani ananisifu mbele ya wateja, "Mkwe wa namna hii yuko wapi siku hizi?" nami nainamisha kichwa kwa haya. Ikafika siku ya mnada wa ng'ombe. Malori ya saruji yaliingia asubuhi ile, sikuweza kutoka kambini. Saa nne hivi akaja yule mchuuzi wa mbuzi mbio mbio, jasho linamtiririka.

"Mzee anakuita sokoni. Sasa hivi. Barua imekuja, inasomwa, na watu wamejaa."

Nilipanda baiskeli na sikumbuki njia. Kumbe Mzee alikuja mnadani mwenyewe, akapita dukani kunywa maji, na Athumani, kwa kutaka kujipendekeza, akampa barua na kumfungulia na kumsomea, na Athumani ndiye muadhini wetu, hajui kusoma kwa sauti ndogo. Nilikuta wanunuzi wa ng'ombe, wazee watano au sita, wapita njia, wanawake wamesimama mbali kidogo wakijifanya wanachagua leso. Mzee ameketi juu ya robota la nguo, fimbo katikati ya magoti.

"Mkwe," akasema kwa Kiswahili chake cha mnadani, ili Athumani naye asikie, "barua iko hapa. Huyu nasoma, mimi nasikia maneno mabaya. Mimi nasema yeye naongeza. Wewe iko mtoto yangu. Soma. Hapana ruka kitu."

Nikaishika ile karatasi. Mstari wa kwanza ni jina lake, kwa herufi kubwa. Nikakohoa. "Kwa... kwa mwenye barua hii," nikasema. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika, mkwe mwenye adabu huyu, wala halitaji. Nikaendelea kusoma:

"Salamu. Baada ya kukupima tumeona shafti yako ya sasa ni laini mno, ndiyo sababu kila unapopiga inayumba kushoto. Tena ni fupi kwa mwili wako. Tunakushauri upate iliyo ngumu, na ndefu zaidi kwa nusu inchi. Usione haya, wanaume wengi wa rika lako wana shida hiyo hiyo na hawajui. Ukikubali tutakutengenezea vyuma vinane vinavyolingana. Kifundo cha mkono hadi ardhini: inchi thelathini na saba na nusu."

Kwenye leso kule mtu mmoja alicheka, akazibwa mdomo na wenzake.

"Umesikia?" Athumani akasema. "Neno kwa neno! Niliongeza wapi?"

Mnunuzi mmoja wa ng'ombe akamnong'oneza mwenzake, ila kwa sauti ya kusikika, "Vyuma vinane. Hizo si bunduki?" Na pale karibu na mlango alikuwa amesimama askari mmoja wa utawala, anakunywa soda, nikamwona ameiteremsha ile chupa polepole. Mzee mwingine akasema hapana, hiyo ni hospitali, mwenzetu ana maradhi ya wanaume na ameyaficha. Wa tatu akasema yote mawili yanawezekana.

Mzee hakuwasikiliza. Alikuwa ananitazama mimi. "Nani alipima mimi?" akauliza. "Mimi hapana simama mbele ya mtu. Hapana enda hospitali. Alipima mimi lini? Nikiwa nimelala?"

Ndipo nikaelewa. Mzee aliogopa. Aliamini kuna mtu ameingia usiku akamchukua urefu, na urefu wa mtu kwetu huchukuliwa kwa kazi moja tu. Hapo hapo ningesema, Mzee, ni mimi, ni mchezo tu, na pengine mambo yangeisha kwa kicheko. Badala yake mdomo wangu ukasema, "Labda wamekosea mtu, Mzee."

"Kama ni kukosea, tutajua," akasema Athumani, na kabla sijamzuia alikuwa ameshatoa futi yake ya kupimia nguo. "Inchi zimeandikwa. Simama, Mzee wangu."

Akampima. Thelathini na tatu. Soko zima likashusha pumzi, na Mzee akakaa chini akionekana amerudishiwa roho. Halafu macho yake yakabadilika. Ile hofu iliondoka, ikaja hasira.

"Basi kuna mtu nasema yeye ni mimi," akasema. "Nani najua sanduku yangu? Wapime. Wote."

Jamani! Alipimwa Athumani mwenyewe. Akapimwa mchuuzi wa mbuzi, aliyesimama wima kwa fahari (na hajaacha kusimama hivyo hadi leo). Wakapimwa wapwa wawili wa Mzee, akapimwa mtu wa kahawa ambaye hata sanduku la posta hajui ni nini. Watu walianza kutaniana, mmoja anaambiwa ana mikono ya nyani, mwingine anaambiwa amezama ardhini. Mimi nilikuwa narudi nyuma kidogo kidogo, nikagota kwenye tumbo la yule askari.

"Na bwana arusi?" akauliza askari.

"Ah, huyu ni mkwe," Athumani akasema.

"Mpime tu," akasema Mzee.

Nikasimama. Ndani ya kikoi nikakunja magoti, taratibu, nikitumaini kupoteza inchi tatu bila mtu kuona. Athumani akachuchumaa na futi yake, akainua macho. "Nyoosha magoti, bwana arusi." Nikayanyoosha. Akasoma mara moja. Akasoma mara ya pili, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Athumani alisema kwa sauti ndogo.

"Thelathini na saba na nusu."

Nilieleza yote. Nilieleza haraka, mikono ikirushwa huku na huku, fundi, Mombasa, ubao, utepe, shafti ni mti wa fimbo tu, wazee wangu, ni fimbo ya kupigia mpira! Vyuma ni fimbo! Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha wa pili, kisha soko lote, askari akarudi kwenye soda yake, na kwenye leso walikuwa wamekaa chini kwa kicheko. Ukaja na mjadala: je, mkwe ametamka jina? Mzee mmoja akasema hakutamka, karatasi haina mdomo. Mwingine akasema alilitia kwenye karatasi akijua litasomwa, na Athumani amelisoma soko zima limesikia, basi ametamka kwa mdomo wa Athumani. (Athumani akasema jamani, mimi msiniingize.) Mimi nilishikilia ule wa kwanza kwa nguvu zote, nikatoa na hoja zangu.

Mzee akanyanyua fimbo, wakanyamaza.

"Jina nitasamehe," akasema. "Mimi nauliza kitu moja. Yule mtu wa Mombasa, wewe ulimwogopa?"

"Nilimshuku, Mzee. Nilidhani ni mtu wa ardhi. Au mtu mbaya."

"Ulidhani mtu mbaya."

"Ndiyo, Mzee."

"Na mtu mbaya ukampa jina yangu."

Nilijiona mjanja kwa kumshuku kila mtu, na sikuwahi kujiuliza nani anabaki kusimama pale nilipokimbia. Mzee akainuka, akaikunja ile barua, akaitia mfukoni mwake (ilikuwa yake, jina ni lake), akasema, "Nikaha ingoje," akaenda kwenye ng'ombe zake.

Ilingoja. Ikapita mvua ya kwanza, ikapita ya pili. Nilikwenda kwao mara nyingi, nikapewa maziwa, nikajibiwa salamu, basi. Hawo alinitumia neno kupitia dada yake: "Mwambie nangoja. Lakini mwambie pia na mimi sasa namshuku." Vyuma vya Injinia nilivirudisha, na fundi sikumjibu. Niliapa kwamba shaka zangu, nikizipata, nitazibeba mwenyewe kwa jina langu mwenyewe, na nimeshika kiapo hicho, ingawa chai ya mgeni bado nangoja.

Mwisho Mzee akaita watu. Siku ya nikaha shehe alipokunjua daftari lake, Mzee akamzuia, akasema mimi ndiye niandike, na niandike kwanza kabla ya neno lolote. Nikaandika jina langu, la baba yangu, la babu yangu, na la baba wa babu yangu kwa kuwa sikuthubutu kuacha mapema. Mzee akamwambia shehe alisome kwa sauti, watu wote wasikie. Shehe akasoma. Mzee alitega sikio hadi jina la mwisho, akanitazama, akatazama ile karatasi ambayo hakuweza kuisoma.

"Haya, fungeni," akasema. "Huyo namjua."